Barua ya wazi kwa walimu na wahudumu wa afya wanaoutaka uongozi wa kaunti

Wanangu,

Salamu ziwafikie popote mlipo. Nasikia wengi wenu mnajiandaa kuwania viti mwaka 2027, na wengine mnaomba gavana akiapishwa awakumbuke kwa wizara ya afya. Hilo ni jambo jema. Hospitali zetu nyingi ziko mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, na zinahitaji watu wanaoijua wodi. Ila nawasihi mumsome kwanza mama mmoja wa India, K. K. Shailaja wa jimbo la Kerala, maana kule nako kuendesha hospitali ni kazi ya serikali za majimbo.

Mama huyu alikuwa mwalimu wa sayansi. Aliingia bunge la Kerala mara ya kwanza mwaka 1996, akaacha ualimu 2004, akashindwa uchaguzi wa 2011. Uwaziri wa afya aliupata 2016, akikaribia miaka 60. Nyinyi wenye haraka, iangalieni hiyo safari ilivyokuwa ndefu.

Mei 2018 virusi vya Nipah, vinavyobebwa na popo walao matunda, vilizuka wilaya ya Kozhikode. Havina chanjo wala tiba maalumu. Watu 17 walikufa, na wengi waliambukizwa wakiwa hospitalini. Muuguzi kijana aliyemhudumia mgonjwa mmoja wa mwanzo naye alifariki, akaacha watoto wawili wadogo. Huko Perambra, katika wilaya hiyohiyo, wanakijiji walikuwa wakifungasha wakimbie. Waziri alikwenda kwao, akakaa nao, akawaeleza ugonjwa unavyoambukizwa na usivyoambukizwa. Wahudumu wakawafuatilia watu zaidi ya 2,000 waliowahi kukaribiana na wagonjwa, na mlipuko ukazimwa. Januari 2020, alipopata habari za ugonjwa mpya huko Wuhan, China, aliwakusanya wataalamu wake siku chache kabla mgonjwa wa kwanza wa korona nchini India kupatikana Kerala, tarehe 30.

Lakini msidhani alifanya miujiza. Mwaka 2017, kabla ya Nipah, serikali yao ilikuwa imeanza kuvipandisha hadhi vituo vya afya vya mashinani, ikaongeza madaktari, wauguzi na saa za kazi. Kazi ya namna hiyo haipigwi picha, na ndiyo ninayoogopa mtaikimbia.

Uchaguzi wa 2021 alishinda kwa tofauti ya kura zaidi ya 60,000. Chama chake kikaamua mawaziri wote wa zamani wapumzike, isipokuwa mkuu wa serikali, Pinarayi Vijayan. Watu walilalamika kwa nguvu. Yeye aliukubali uamuzi, akawa kiranja wa chama bungeni. Mwaka uliofuata alikataa tuzo ya Magsaysay, tuzo kubwa ya bara la Asia. Moja ya sababu alizotoa ni kwamba kazi ile ilikuwa ya watu wengi. Mimi ningependa angebaki wizarani, sifichi. Hata hivyo, namna alivyokiacha kiti ndiyo ninayotaka muishike, kwa kuwa hapa kwetu waziri akiondolewa huwa ameshaita wanahabari kabla ya jua kuzama.

Na hesabu zilimfuata. Januari 2025 ripoti ya mkaguzi wa hesabu wa India ilisema mavazi ya kujikinga na korona yalinunuliwa kwa bei ya juu mno katika kipindi chake. Utetezi ukawa kwamba vifaa vilikuwa adimu na maisha yalikuwa hatarini. Mwaka 2024 alikuwa tayari ameshindwa ubunge wa taifa kule Vadakara. Kwa hiyo, wanangu, kila mnachonunua wakati wa dharura kiandikeni siku hiyohiyo: bei, muuzaji, na sababu ya kumwacha wa bei nafuu.

Kabla hamjachapisha mabango, kila mmoja wenu aende zahanati ya wadi yake. Akae na muuguzi wa zamu asubuhi nzima, aulize glavu zilizobaki zitatosha siku ngapi, na dawa zilizoagizwa mara ya mwisho zilifika lini. Majibu hayo muyaandike, mje nayo kwangu, tuyazungumze.

Ni mimi mzee wenu, mwalimu mstaafu.