Risala ya Jumuiya za Watumia Maji wa Mara ya Chini (Mto Mara upande wa Tanzania) kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mara, 15 Septemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa mkoa na wilaya zetu,
Watendaji wa Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria,
Wageni wetu kutoka Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, Kisumu,
Ndugu zetu watumia maji kutoka Bomet na Narok, Kenya,
Wazee wetu, walimu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuacha majukumu yako mengi ukaja kuketi nasi hapa kando ya mto. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wenyeji wako tuna jambo moja linalotusumbua, na tumekubaliana tulifikishe kwako leo bila kulizungusha.

Jambo lenyewe ni hili. Mto Mara una sheria za kutosha, una makubaliano na mipango iliyoandikwa vizuri. Unachokosa ni vyombo vya ngazi ya chini, huku kwetu na kule kwa wenzetu, vyenye uwezo wa kufanya kazi kila siku na kuwasiliana moja kwa moja, mradi uwepo au usiwepo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa faida ya vijana wetu wa shule walioko hapa, mto huu unaanzia kwenye milima ya Mau nchini Kenya. Huko juu ni mito miwili, Nyangores na Amala, inayopita kwenye mashamba ya chai na mahindi kabla ya kuungana kuwa Mara. Ukishuka unapokea mto Talek, unapita mbuga ya Maasai Mara, unavuka mpaka kuingia Serengeti, halafu unatufikia sisi na kutandaa kwenye ardhioevu ya mafunjo kabla ya kumwaga maji Ziwa Victoria karibu na Musoma. Urefu wake ni takribani kilomita 395. Bonde zima lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 13,750, na karibu theluthi mbili yake iko Kenya. Nyumbu zaidi ya milioni moja huutegemea wakati wa kiangazi, maana kaskazini ya Serengeti ndio mto pekee usiokauka ukame ukishika.

Sisi tuko mwishoni. Maji tunayochota yamekwisha kupita kwenye mikono mingi. Hatulisemi hili kwa kulalamika, kwa sababu na sisi tunao walio chini yetu, wavuvi wa ziwani, na tunao wachimbaji wadogo wanaotumia zebaki kwenye vijito vya upande wetu huu huu. Tunalisema ili ieleweke kwamba hakuna jumuiya hata moja hapa inayoweza kuulinda mto huu peke yake, hata wanachama wake wakiwa waadilifu kiasi gani.

Viongozi wetu waliliona hilo mapema. Novemba 2003 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia saini Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria, na kutokana nayo ikazaliwa Kamisheni yenye makao yake Kisumu. Tangu 2012 tunaadhimisha Siku ya Mara, mwaka mmoja kwa wenzetu wa Kenya na mwaka mwingine kwetu. Mwaka 2015 Tanzania na Kenya zikatia saini makubaliano ya kusimamia kwa pamoja rasilimali za maji za bonde hili. Kwa upande wa ndani, Sheria yetu ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 imeipa jumuiya ya watumia maji nafasi yake rasmi chini ya Bodi ya Bonde, na Sheria ya Maji ya Kenya ya 2016 imefanya hivyo hivyo kwa wenzetu. Tena sheria zote mbili zinakubaliana kwenye jambo kubwa kuliko yote: kabla ya kibali chochote cha kumwagilia au kuchimba, sehemu ya kwanza ya maji ni ya mahitaji ya msingi ya binadamu na ya uhai wa mto wenyewe. Hiyo ndiyo akiba. Haigawiwi mtu.

Sasa tukuulize, Mheshimiwa Mgeni Rasmi: kiangazi kikishika, nani anajua siku ambayo mto umeingia kwenye akiba?

Jibu liko kwa mama mmoja wa kijiji chetu. Huyu ndiye msomaji wa vipimo. Asubuhi na jioni anateremka ukingoni penye rula za chuma zilizosimikwa moja juu ya nyingine kufuata mteremko. Mto ukiwa mdogo anasoma rula ya chini. Ukijaa, ile ya chini inazama, naye anasoma ya juu. Viboko wakiwa wamelala pale, anasubiri waondoke. Anaandika kina cha maji kwenye daftari lenye jalada gumu, na mwisho wa mwezi kurasa hizo zinasafiri kwenda ofisini. Posho yake ni ndogo na mara nyingi inachelewa. Akiugua, safu ya siku hizo inabaki tupu, na pengo hilo halizibiki tena maisha, kwa kuwa maji ya jana yameshakwenda. Wataalamu wakija kuuliza kwa nini kumbukumbu za Mara zina mapengo, sababu mojawapo ndiyo hiyo.

Mpango wote wa kugawana maji kati ya nchi mbili umesimama juu ya tarakimu za daftari lile. Mawaziri wanaweza kukubaliana Arusha au Nairobi, lakini wakiulizana mto una maji kiasi gani leo, wataishia kwa mama huyu na kwa wenzake wanaosoma vipimo daraja la Bomet kwenye Nyangores, Kapkimolwa kwenye Amala, na Mara Mines huku kwetu. Watu hawa hawajawahi kuonana. Tungependa waonane.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Machi 2022 haijatutoka akilini. Maji yalibadilika rangi yakawa meusi, yakanuka, samaki wakaelea wamekufa. Wananchi walizuiwa kuyatumia, Serikali ikaunda kamati ya uchunguzi, na nchi nzima ikajadili chanzo chake kwa muda mrefu na kwa ukali. Leo hatutaki kuurudia mjadala ule. Tunataka kusema kitu kimoja tu kilichotuumiza kama jumuiya: tulipoulizwa maji yalikuwaje wiki moja kabla, hatukuwa na la kujibu. Hakuna aliyekuwa amepima oksijeni ya maji, wala uchachu wake, kwa ratiba inayoeleweka. Kifaa cha kupimia vitu hivyo kinabebeka mkononi, na kijana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kufundishwa kukitumia na kukisafisha. Ingekuwapo rekodi ya miezi michache tu, kamati ingekuwa na pa kuanzia na wananchi wangekuwa na cha kuamini.

Hali ni hiyo hiyo kwa mafuriko. Mei 2024 mto Talek ulipofurika na watalii kuokolewa kwenye kambi za Maasai Mara, sisi tulipata habari kwa picha za simu na kwa ndugu zetu walioolewa ng'ambo. Maji huchukua muda kutoka kule hadi huku. Muda huo ungetosha kuhamisha mashine za kusukumia maji, kuvuna mahindi ya bondeni hata kama ni mabichi, na kuwaondoa ng'ombe kwenye malisho ya mafunjo. Ila hakuna mtu mwenye wajibu wa kutupigia simu, na wala sisi hatuna namba ya kupiga. Kwetu sisi, uwezo wa taasisi unaanzia kwenye namba hiyo ya simu.

Tusieleweke vibaya. Tumepata semina, tunashukuru, na wapo wanachama wetu waliojifunza mengi. Lakini miradi ina tarehe ya kuisha. Wazee wetu wanaikumbuka ofisi ya mradi wa bonde la Mto Mara iliyokuwa Musoma chini ya Mpango wa Bonde la Nile. Ilifanya kazi nzuri, ikaandika taarifa nzuri, kisha mradi ukafika mwisho. Kumjengea mtu uwezo halafu ukamwacha bila kazi ya kuufanyia ni kumpotezea muda, na gari likitolewa pasipo fungu la mafuta na matengenezo, mwaka wa tatu linakuwa limeegeshwa chini ya mti.

Katika ukanda wetu tuna mfano mkubwa wa kujifunzia. Agosti 1977, pale Rusumo, nchi za Burundi, Rwanda na Tanzania zilianzisha Shirika la Bonde la Mto Kagera. Uganda ikajiunga 1981. Makao makuu yalikuwa Kigali na malengo yalikuwa makubwa: umeme, usafiri, kilimo. Michango ya nchi wanachama ikawa haifiki kwa wakati, shughuli zikaegemea fedha za wafadhili, kisha ikaja vita na mauaji ya kimbari ya Rwanda. Shirika likavunjwa mwaka 2004. Umeme wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa kwa nchi tatu, umekuja kupatikana miaka hii ya karibuni kupitia utaratibu mwingine kabisa. Kwa maoni yetu wazo la mwaka 1977 lilikuwa sahihi. Kilichopungua ni chombo chenye fedha zake na watu wake wa kulifikisha. Tunafuatilia pia wenzetu wa Mto Songwe, ambako Tanzania na Malawi zimeunda kamisheni ya pamoja yenye ofisi yake Kyela, karibu na mto wenyewe. Ukaribu huo tunauonea wivu mwema.

Kwa upande wetu hatukukaa tukisubiri. Wanachama wameondoa bustani zao ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na hilo halikuwa jepesi, kwa sababu udongo wa pale ndio wenye rutuba kuliko wote na kuna familia zilizokuwa zikisomesha watoto kwa mboga za pale. Tumepanda miti. Tumesuluhisha ugomvi wa wafugaji na wakulima kuhusu njia za ng'ombe kwenda kunywa maji, na makubaliano hayo yanashika mpaka leo kwa kuwa walioyaandika ni wao wenyewe, kwa lugha yao, mbele ya wazee wao. Mahesabu yetu yanasomwa kwenye mkutano mkuu. Bado udhaifu upo: mweka hazina akimaliza kipindi chake anaondoka na ujuzi wake, na anayempokea anaanza upya.

Kwa hiyo tunaomba, Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Watumiaji wa maji wenye vibali hulipa ada. Tunaomba sehemu ya ada inayotoka kwenye kidakio chetu, yaani eneo la ardhi ambalo maji yake huingia mtoni, irudi kwa jumuiya kwa mkataba wa maandishi, kila mwaka, tukaguliwe kama taasisi nyingine yoyote ya umma. Hata ikiwa kidogo, fungu la uhakika litamlipa msomaji wa vipimo na litatunza kifaa cha kupimia maji. Ombi hili tunaliweka mbele ya mengine yote, na kama kuna moja tu utakaloondoka nalo, tunaomba liwe hili.

Tunaomba pia kikao cha kudumu kati yetu na jumuiya za Bomet na Narok, angalau mara mbili kwa mwaka, kimoja kabla ya kiangazi na kingine kabla ya masika, chini ya uangalizi wa Kamisheni. Siku ya Mara ni siku njema ya ngoma, maonyesho na hotuba. Haina nafasi ya kuketi na kubishana juu ya nani apunguze kumwagilia kwanza mto ukigusa akiba. Ubishi huo unahitaji chumba, meza, na vipimo vya vituo vyote vikiwa kwenye karatasi moja. Tungependa makubaliano yake yaandikwe kwa Kiswahili, ambacho mkulima wa Mulot kule Kenya na mvuvi wa Kirumi huku kwetu wote wanakisoma.

Na kwa uongozi wa wilaya, tunaomba mhasibu mmoja apangiwe kuja kukaa na waweka hazina wetu kila robo mwaka, vitabu vikiwa mezani. Mafunzo ya aina hiyo hayahitaji ukumbi wala posho kubwa. Nafasi za vijana na akina mama kwenye kamati zipo kwenye katiba zetu. Tutazijaza sisi wenyewe, ni kazi yetu.

Ndugu zetu wa Bomet na Narok, tumefurahi mno kuwaona. Baada ya hafla hii msomaji wetu wa vipimo atawapeleka kituoni kwake mkaone rula na daftari. Tunaomba kabla ya kuondoka mbadilishane namba za simu, na Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tutafurahi ukiambatana nasi kama muda utaruhusu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Jumuiya za Watumia Maji, Mara ya Chini