Difenda zinapita, vibaka wanasubiri

Ndugu Mhariri,

Kila uporaji wa simu na mikoba unapopamba moto hapa Mjini Unguja, ombi la kwanza kwenye mikutano ya shehia, yaani ya serikali ya mtaa, ni kuongezewa gari za doria. Zikiletwa, difenda mbili tatu huzunguka na taa zao za buluu, watu wakalala kwa amani wiki moja, kisha mambo yakarudi kama yalivyokuwa. Idadi ya gari haina makosa. Tatizo ni kwamba hazisimami.

Jambo hili lilishapimwa zamani. Kule Kansas City, Marekani, kuanzia mwaka 1972, polisi waligawa maeneo 15 ya doria katika mafungu matatu. Fungu moja liliondolewa gari kabisa, zikawa zinaingia pale tu zinapoitwa. La pili likabaki na gari moja kwa kila eneo kama kawaida. La tatu likaongezewa mara mbili hadi tatu. Baada ya mwaka mzima uhalifu haukutofautiana kwa kiasi cha kutajika, na wakaazi wala hawakuhisi kuwa kuna kilichobadilika. Haishangazi. Gari inayokwenda kilomita 30 kwa saa humaliza mita 80 za mtaa kwa sekunde kama kumi. Kibaka aliyekaa kwenye kibaraza cha duka lililofungwa hana haja ya kukimbia, ageuze uso tu. Na kwa Mji Mkongwe ndiyo kabisa: gari haiingii vichochoroni, na mlio wake unafika kabla yake.

Baadaye, utafiti wa Minneapolis, jiji jengine la Marekani, ulikuta kwamba kama asilimia 3 tu ya anwani za jiji zima ndizo zilizotoa nusu ya simu zote walizopigiwa polisi. Kwa hiyo uhalifu hauko "mtaani". Uko kwenye kona fulani, saa fulani. Ikaonekana pia kwamba askari akisimama pahala hapo dakika 10 hadi 15, utulivu hudumu muda mzuri baada ya yeye kuondoka, na akizidisha hapo faida yake inapungua. Huko huko Marekani, Philadelphia mwaka 2009 waliwapeleka askari wa miguu kwenye maeneo madogo 60 korofi, na baada ya wiki 12 uhalifu wa kutumia nguvu ulishuka kwa asilimia 23 ukilinganisha na maeneo ambayo hayakupelekewa. Baadhi yake ulihamia mitaa ya jirani, tusifichane, lakini si wote.

Sasa tuje kwetu. Kazi inaanzia kwenye daftari la kituo, na hapo ndipo inapoharibikia. Tukio likiandikwa "Darajani, usiku" halimsaidii mtu. Liandikwe: mdomo wa kichochoro kipi, duka lipi liko jirani, siku gani, saa ngapi, mporaji alikuja kwa miguu au kwa pikipiki, akakimbilia wapi. Na kwa kuwa wengi hawaripoti, hasa wakiona kupata namba ya RB, ile ya taarifa iliyoandikishwa polisi, kunakula asubuhi nzima, ramani ya kituo itakuwa na matundu. Matundu hayo huzibwa na masheha, wauza kahawa, madereva wa bodaboda na watembeza wageni. Wao wanajua taa ipi imezimika tangu mwezi uliopita.

Zikishapatikana kona, hesabu si ngumu. Askari wawili kwa miguu, dakika 15 za kusimama na kama 10 za kutembea hadi kona nyengine: kwa saa nne wanasimama mara tisa. Wapewe kona nne, kila moja itafikiwa mara mbili na zaidi. Mpangilio ubadilishwe kila usiku, ikibidi kwa kupiga kura ya vikaratasi pale kituoni. Askari akipita Mkunazini kila siku saa tatu kamili, vibaka watatia saa zao kwa yeye. Mabadilishano ya zamu nayo yasiwe ya wote kwa pamoja, kwani ile nusu saa ya kukabidhiana ndiyo inayoviziwa.

Na kusimama si kuegemea ukuta na kuchezea simu. Katika dakika hizo 15 askari anasalimia waliopo barazani, anajaribu kufuli za maduka yaliyofungwa, anaangalia pikipiki isiyo na namba, anaiandika taa iliyokufa ili baraza la manispaa lipelekewe. Daftari lake linahitaji safu nne tu: saa aliyofika, saa aliyoondoka, alichokiona, aliyezungumza naye. Safu ya mwisho ikiwa tupu wiki nzima, mkuu wake ajue kuwa doria ile ilikuwa ya kutembeza sare.

Ratiba ifuate maisha ya hapa. Mwezi wa Ramadhani magharibi mitaa inakuwa kimya, kila mtu yuko kwenye futari. Baada ya tarawehe Darajani hakupitiki, na kumi la mwisho wachomoaji wa mifukoni ndio wanaovuna. Siku za Idi kona zinahamia kwenye viwanja vya sikukuu. Pemba ni habari nyengine kabisa: msimu wa karafuu, pa kusimama ni njia zinazotoka mashambani na majamvi ya kuanikia, wala si katikati ya mji wa Chake Chake. Karafuu huhitaji siku kadhaa za jua mpaka zikauke, na mwenye nazo hawezi kuzikodolea macho muda wote huo.

Kuna yanayoharibu haya yote kwa usiku mmoja. Askari akianza kudai "ya soda" kwa bodaboda, hakuna tena wa kumnong'oneza kitu. Akizoa vijana wote wa maskani akawatia lakapu kwa kukaa tu, amewapoteza mashahidi wake wa kesho. Na wakubwa wakipima doria kwa idadi ya waliokamatwa, watawalazimisha vijana wao wakamate yeyote. Doria iliyofanya kazi yake inaweza kumaliza mwezi bila pingu kutoka kiunoni. Kipimo ni malalamiko kwenye kona zile zile, saa zile zile, kabla na baada.

Tunapendekeza ianze kwa kona nane tu za Mjini, kwa miezi mitatu, askari wawili kwa kila kona nne, na kila Ijumaa sheha apewe nakala ya lile daftari la safu nne aisome mbele ya watu wake.

Wasomaji wenu,
Mjini Unguja