Barua kwa mwanangu: glavu siyo kinyaa

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Voisi zako nimezisikiliza jana usiku, nikaanza kukujibu kwa sauti nikaona nakohoa tu na maneno hayaishi, bora nikuandikie. Huku wazima, baba yako mguu bado unamsumbua ila anajikongoja mpaka kwenye migomba.

Sasa huyo mkunga mkubwa hapo zahanati kwenu, aliyekusema mbele ya wagonjwa kwamba watoto wa siku hizi mna kinyaa, eti wao walizalisha mikono mitupu na hawakufa, na kosa lako ni kumtuma ndugu wa mzazi akimbie duka la dawa kununua glavu maana zimeisha. Mimi ni rika lake na nimestaafu, kwa hiyo hili naliweza. Kuzalisha mikono mitupu ni kweli. Hawakufa, hapo anadanganya.

Ngoja nikusimulie maana hukuwahi kuniuliza.

Nilianza kazi ya unesi baada tu ya vita vya Amin. Glavu zilikuwepo, usifikiri hazikuwepo, ila zilikuwa za tieta, chumba cha upasuaji. Inavaliwa, inafuliwa na sabuni, unaipuliza kuangalia kama imetoboka, unaianika, unaigeuza, unaipaka poda, inafungwa kwenye kitambaa inarudi otoklevu, ile mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, hivyo hivyo mpaka raba inalegea inanata, na hapo nako haitupwi, inashushwa leba. Bomba za sindano zilikuwa za kioo, tunachemsha kwenye jiko la mafuta ya taa. Sindano ikiwa butu unainoa kwenye jiwe, halafu unaipitisha kwenye pamba, ikivuta nyuzi ujue ncha imepinda, unanoa tena. Wodi ya watoto sindano ya kristapeni, yaani penisilini, ilikuwa kila masaa sita, ukimaliza raundi ya saa sita usiku unaanza kuchemsha za alfajiri, na katikati hapo unakata gozi za vidonda na kukunja, kama hujazalisha mtu.

Damu haikututisha kabisa. Unanawa kwa Dettol unaenda kunywa chai.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi nchini wakatambuliwa hapa hapa mkoani kwetu Kagera, hospitali ya Ndolage, lakini mtaani ugonjwa ulishapewa jina, Juliana, jina la nguo za magendo kutoka Uganda walizokuwa wanavaa wenye hela. Sisi wodini tulikuwa tunaona watu wa umri wetu wanakonda, wanaharisha, mdomo umejaa utando mweupe, dawa haishiki. Tunawaosha, tunabadilisha mashuka, mikono mitupu. Halafu ndo taarifa inakuja kwamba huu ugonjwa unapitia kwenye damu. Hebu fikiria siku hiyo. Kila mtu aliangalia vidole vyake, aliyejikata na wembe juzi, aliyejichoma na sindano wiki iliyopita, hakuna aliyesema kitu, na kipimo hakuna.

Manesi tuliowazika miaka ile siwezi kukwambia nani aliupata wapi. Wengine nyumbani kwao kama watu wote, wengine labda pale pale leba, nani alipima? Ila walikufa, mwanangu. Huyo mkunga akisema hatukufa anawahesabu waliobaki.

Ukweli mwingine nao usemwe. Glavu zilipokuja kwa maboksi, na bomba za plastiki za kutupa, wapo waliozidisha upande wa pili, mtu anavaa glavu mbili kumpelekea mgonjwa uji, sahani inasukumwa kwa mbali na ndugu wanaona. Glavu ni ya damu na majimaji, siyo ya kumshika mtu mkono. Kumtenga mgonjwa hivyo ndo kulikuwa kubaya kuliko hata kukosa dawa, maana dawa huku kwetu wodini haikuwepo.

Zilipoanza dawa za bure za kupunguza makali ya ukimwi, ARV, 2004, wewe ulikuwa shule ya msingi. Mtu analetwa na baiskeli ya kubebea ndizi, kafungwa na kanga asianguke, miezi kadhaa mbele anaingia kliniki kwa miguu yake anakuuliza sista mbona umezeeka hivyo. Nilicheka mpaka machozi. Ukiniuliza unesi umebadilika nini nitakutajia hilo kabla ya kompyuta na digrii zenu. Kofia nyeupe ya unesi wanayoililia wenzangu mimi siikumbuki kwa wema, ilikuwa inadondokea kwenye beseni. Ripoti ya kitanda kwa kitanda na matroni ndo naikumbuka, ile msiiache.

Na asikwambie mtu hayo ni ya zamani. Machi 2023 Marburg, homa inayoambukiza kwa damu na majimaji ya mgonjwa, ilipoingia hapa kwetu Bukoba, kati ya waliokufa alikuwemo mhudumu wa afya.

Kwa hiyo usione aibu. Ila mzazi asiachwe peke yake wakati mtu kakimbilia dukani, weka pea zako kwenye mkoba, nunua kwa hela yako ukiweza, najua siyo haki lakini mtoto hasubiri stoo ijae. Mkumbusheni mganga mfawidhi kwa maandishi, siyo kwa mdomo, mdomo unasahaulika. Na ikitokea umechomwa na sindano, osha na maji ya bomba na sabuni, usikikamue kidole, toa taarifa saa hiyo hiyo uanzishiwe dawa za PEP, za kuzuia virusi vya ukimwi visishike, mwisho ni masaa 72 ila ukianza mapema ndo zinasaidia, na usimeze kwa siku mbili ukaacha kwa sababu ya kichefuchefu, ni siku 28 zote. Sisi hatukuwa na hiyo bahati.

Huyo mama usimjibu mbele za watu. Ni mkubwa wako, mwamkie kila asubuhi vizuri tu. Siku mkiwa wawili mwulize chuoni alisoma na akina nani na sasa hivi wako wapi.

Ndizi na senene kidogo natuma na basi la Ijumaa, uwahi stendi maana mara ya mwisho kondakta alizishusha kituo kingine.

Mama yako