Fungueni ukumbi wa wanamaombi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua. Wiki mbili zilizopita msomaji mwenzetu aliandika humu kwamba wanaonena kwa lugha, yaani wanaoomba kwa maneno yasiyoeleweka wakiamini ni Roho anayewapa, ndani ya madhehebu makongwe waende wakaanzishe makanisa yao, watuache wengine tusali kwa utulivu. Barua ile nimeisoma mara tatu. Mimi ni mzee wa kanisa, mwaka wa 14 sasa. Sineni kwa lugha na sijawahi kunena. Lakini yaliyoandikwa yameniuma, kwa sababu kanisani kwetu ndivyo tulivyofanya, na nimeona matokeo yake.

Kazi yangu pale ni chai. Kila Jumatano kikundi cha maombi, ambamo ndimo walimo wanaonena kwa lugha, kilikuwa kikikutana kwenye ukumbi mdogo nyuma ya ofisi, nami saa nane mchana nilikuwa nimeshainjika sufuria. Wengi wao huwa wamefunga, na wagonjwa wanaokuja kuombewa hutoka mbali, Chanika huko, Kongowe, mwingine nauli amekopa kwa jirani. Watu wakiwa na kikombe mkononi husema mambo ambayo ukumbini hawakuyasema.

Kulikuwa na mama mmoja akimleta mwanawe mwenye kifafa. Wanamaombi walimwekea mtoto mikono wiki hadi wiki, na walilia naye kweli, si kwa kuigiza. Siku moja, nikimmiminia chai, yule mama akaniambia kwa sauti ya chini kwamba dawa ziliisha mwezi uliopita na hana hela. Wanawake wa kanisa wakachanga siku hiyohiyo. Muuguzi mstaafu anayeimba sauti ya pili kwenye kwaya akawa anapita nyumbani kwao jioni kuhakikisha mtoto amemeza. Maombi yaliendelea na dawa ziliendelea. Anayetaka kutenganisha karama, yaani kipawa cha Roho, ya kuponya na karama ya kusaidia, kwa mtoto yule angekata wapi?

Mwaka jana mambo yakaharibika. Katika ibada ya pili mwanamaombi mmoja alisimama mchungaji akiwa bado madhabahuni, akanena kwa lugha kwa sauti kubwa kwa dakika nyingi, na hakuna aliyefasiri. Mwenzake akachukua kipaza sauti akasema kwaya yetu inaimba bila Roho. Yule muuguzi alikuwa amesimama mstari wa mbele. Niliona akikunja kitabu cha nyimbo akakiweka kifuani. Lilikuwa kosa kubwa, na silitetei.

Baraza la wazee likakutana wiki ileile. Uamuzi ukawa kusimamisha kikundi na kubadilisha kufuli la ukumbi mdogo. Mimi nilikuwamo katika kikao kile, na sikufungua mdomo. Jumatano iliyofuata nilikwenda na majani ya chai na sukari kwenye kikapu, kwa mazoea tu, nikamkuta yule mama amekaa kwenye ngazi. Mtoto amelala kichwa mapajani mwake, amemfunika uso kwa khanga kumkinga na jua. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Akaniuliza, “Mama, wamechelewa leo?” Ufunguo mpya sikuwa nao.

Katika kikao kile wazee wenzangu walisimamia Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 14, mstari wa 40: mambo yote yatendeke kwa uzuri na kwa utaratibu. Wanamaombi nao wanasimamia mstari wa 39: msizuie kunena kwa lugha. Mhariri, hiyo ni mistari miwili inayofuatana! Paulo aliiandika pamoja, sisi tukaigawana kama watoto waliogombea urithi. Na mistari michache kabla ya hapo utaratibu wenyewe ameshautoa: wanene wawili au watatu, si zaidi, kwa zamu, mmoja afasiri, na kama hakuna wa kufasiri, mtu aseme na Mungu moyoni mwake. Hakutaja kufuli.

Ndugu msomaji aliyeandika alisema vurugu za namna hii ni za siku hizi. Si kweli. Korintho ulikuwa mji wa biashara wenye bandari mbili, watu wa kila kabila, kama hapa kwetu Dar es Salaam. Paulo alikaa pale mwaka na nusu akishona mahema pamoja na Akila na Prisila. Alipoondoka wakaanza kujigawa, huyu wa Paulo, huyu wa Apolo. Mimi mpika chai nimeona jambo jingine: kabla ya kufika kwenye karama katika sura ya 12, Paulo anaanza na chakula. Wenye navyo walikuwa wakitangulia kula, wasio na kitu wanabaki na njaa, katika mkutano uleule. Na anapozitaja karama, masaidiano ameyaweka baada ya kuponya wagonjwa na kabla ya aina za lugha. Kisha anauliza: wote wanena kwa lugha?

Hofu ya wazee wenzangu naielewa. Mwezi Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi wakikanyagana kwenye mkutano wa maombi, kuwahi kukanyaga mafuta ya upako. Nani asiogope? Lakini mgonjwa ukimfungia mlango kanisani kwake haachi kutafuta kupona. Atakwenda ambako hakuna mzee wa kumuuliza mhubiri swali, wala muuguzi wa kuuliza habari ya dawa.

Marehemu mama yangu, Mwanglikana, alikuwa akitusimulia habari za Edmund John, mdogo wake Askofu Mkuu John Sepeku. Alikuwa mlei tu, si kasisi. Miaka ya mwanzo ya 1970 watu walimfuata kwa wingi awaombee, mama akisema hata Waislamu walikuwamo. Aliendelea hivyo mpaka alipofariki mwaka 1975, na hakujitenga na kanisa lake akaanzisha dhehebu. Hapa hapa nchini, basi, lilishawezekana.

Ninachowaomba wazee wa makanisa ni kufungua kumbi, na kukaa humo pamoja na wanamaombi badala ya kuwapigia kura wakiwa hawapo. Nanyi wanamaombi, ndugu zangu, kubalini zamu, na aliyesema kwaya haina Roho aende kwa yule muuguzi akamwombe radhi, nyumbani kwake, si kwenye kipaza sauti.

Baraza letu linakaa Jumamosi hii saa nne, na safari hii nitasimama kusema. Juzi nimemtuma kijana aulizie habari za yule mama. Amekuta kwamba siku hizi kila Jumatano anapanda daladala mbili kwenda kuombewa mahali pengine, na mtoto ameacha dawa tena.

Mama mzee wa kanisa,
Mbagala, Dar es Salaam