Rubani wako hana kosa

Kwako Rehema,

Salamu nyingi. Mimi mzima, nyumbani wote wazima, na lawama zako nimezipokea. Miezi minne kimya, na Zuberi ananiambia umeapa hutaniandikia tena. Basi soma hii kwanza, kisha uendelee na kiapo chako.

Barua yako ya mwisho, ile uliyomlaani rubani kwa kukuchelewesha safari ya kwenda magharibi ukamsifu yule wa kurudi, bado ninayo. Rubani hana kosa. Huko juu, kilomita 9 hivi na kupanda, kuna mkondo wa jeti: ukanda mwembamba wa upepo uendao mashariki, mara nyingine ukipita kilomita 400 kwa saa. Kwenda mlipambana nao, kurudi ukawabeba. Chanzo chake ni hewa ya joto kupakana na hewa ya baridi, na mzunguko wa Dunia ndio unaoupinda kuelekea mashariki. Mjapani Wasaburo Ooishi aliupima kwa maputo miaka ya 1920, akachapisha ripoti yake ya mwaka 1926 kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa iwe ya watu wote, ili dunia nzima isome. Walioisoma ni wachache mno. Angalau mimi nikiandika, wewe husoma.

Lakini nina shida. Nimeombwa nizungumze na vijana juu ya pepo za sayari nyingine, na nimekwama. Mshtarii hainipi tabu: ile mistari yake imepakana na mikondo ya jeti, mmoja waenda mashariki, unaofuata magharibi, na chombo cha angani Juno kimeonyesha kwamba inazama kiasi cha kilomita 3,000. Zohali nayo ina mkondo wenye pembe sita kwenye ncha ya kaskazini, mpana kuliko Dunia. Pembe sita! Zuberi anasema naongeza chumvi.

Ninapokwama ni WASP-127b, sayari ya nyota nyingine, jitu la gesi lililovimba kuipita Mshtarii kwa upana, ilhali uzito wake ni sehemu ndogo tu ya ule wa Mshtarii. Iko zaidi ya miaka 500 ya nuru kutoka hapa. Mwaka 2025 wanaastronomia waliotumia darubini kubwa iliyoko Chile walitangaza kwamba ikweta yake ina upepo wa kilomita 33,000 hivi kwa saa. Waliupimaje, nao wingu lenyewe hawalioni?

Nimejaribu hivi. Sayari ikipita mbele ya nyota yake, nuru kidogo hupenya hewa ya ukingoni, na mvuke wa maji ulioko humo huacha alama katika rangi za nuru hiyo. Ukingo ambao upepo unatujia, alama husogea upande wa buluu. Ule ambao unatukimbia, upande wa wekundu. Kama king'ora cha ambulensi: kikija sauti nyembamba, kikishapita huwa nzito. Alama ilijigawa mara mbili, ndipo wakajua. Nikamsomea Mwanaidi, akaniambia, "King'ora nimeelewa. Nuru bado." Nikachana karatasi. Na hapo sijagusa mzunguko wa sayari yenyewe kwenye mhimili wake, ambao upepo huo unaushinda kwa kasi karibu mara sita...

Wewe umeelewa? Nianze na king'ora, au nianze na wewe na rubani wako? Unaniruhusu nikutaje, hata bila jina? Ile safari ya kurudi iliokoa muda gani hasa, saa nzima au ulitia chumvi? Na kiapo kile, ulimwapia Zuberi kweli?

Nijibu kabla ya Ijumaa, tafadhali. Mazungumzo ni Jumamosi.

Wako yule yule,
Saida