Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Wazee wetu shikamooni, na wengine wote salaam.

Hesabu za mfuko atazisoma mhazini, sitamwingilia. Mikutano ilifanyika, wagonjwa tuliwatazama, misiba tulizikana. Mimi nataka kusema juu ya lile lililoulizwa kila tulipokaa mwaka huu: nyumba za hapa Oadby, kitongoji kilicho kando ya jiji la Leicester, Uingereza, na kwa nini watoto wetu hawazipati.

Mtaa huu haukujengwa kwa ajili yetu. Yale majumba manne yaliyomo leo ndani ya Bustani ya Mimea ya Chuo Kikuu cha Leicester yalikuwa ya matajiri wa jiji, enzi za viwanda vya soksi na viatu. Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke nchini, halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije. Wakaja. Wengi walianzia mitaa ya Belgrave na Highfields mjini Leicester, familia mbili nyumba moja, na waliojaliwa wakasogea polepole: Stoneygate, kisha huku. Baadhi yao wamo humu ukumbini, na wakikasirika bado wanagomba kwa Kiswahili cha Kampala.

Sasa ni zamu ya wajukuu, na mlango umebana. Mwezi wa nne nilimsindikiza binti wa mwenzetu, muuguzi, kutazama nyumba pacha, iliyoungana ukuta na ya jirani, ya vyumba vitatu. Bei pauni 450,000. Dalali alitupa dakika 15, na nje walikuwa wamekwisha kupanga foleni wengine. Jikoni, chini ya meza, palikuwa na mbuzi ya kukunia nazi. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa Mombasa, marehemu, na watoto wake wako Toronto. Binti akainama, akaigusa, akaniuliza ni kiti cha nini.

Ofa yake haikufika. Amana, yaani malipo ya mwanzo kabla ya mkopo, ya asilimia 10 peke yake ni pauni 45,000. Juu yake ushuru wa stempu, kodi ya serikali kwa anayenunua nyumba, ambayo nafuu yake ilipunguzwa Aprili mosi: kwa bei hiyo, anayenunua nyumba ya kwanza aliyekamilisha Machi 31 alilipa 1,250, aliyekamilisha kesho yake alilipa 7,500. Nyumba ileile, ufunguo uleule. Ni kweli Benki Kuu ya Uingereza ilishusha riba mara nne mwaka huu, kutoka asilimia 4.75 hadi 3.75, lakini nafuu hiyo ameionja zaidi aliyekwisha kuingia ndani. Aliye nje bado anahangaikia amana.

Hapa nitasema neno lisilopendwa. Leicester haina ukanda wa kijani, ardhi inayouzunguka mji na kuzuiwa kujengwa, kama London. Ina kabari za kijani, vipande vya ardhi vilivyoachwa wazi kati ya makazi, na mojawapo iko kati yetu na vijiji vya Stoughton na Thurnby. Nazipenda, natembea huko kila Jumapili. Lakini wapo kati yetu waliotia saini kupinga nyumba mpya asubuhi, na jioni wakanipigia simu kulalamika kwamba watoto wao wamehamia mbali. Hayo mawili hayakai chungu kimoja.

Wapo pia wazee wanaoishi peke yao katika nyumba ya vyumba vitano, wanapasha moto viwili. Hakuna anayemfukuza mtu kwake. Kamati inaomba hili tu: ukiamua kuuza, kiambie chama wiki mbili kabla ya kumwita dalali. Bei iwe ya soko, hatuombi sadaka, na mtoto wa mwenzako apate kuwa wa kwanza kuitazama. Katibu ana daftari; majina ya wanaotafuta yataandikwa leo kabla ya chai.

Ile mbuzi familia iliniambia niichukue. Iko gerejini kwangu, meno bado makali. Anayeihitaji kwa mwezi wa Ramadhani aje aichukue, mradi airudishe.