Shosti, usinitoe kwenye chembe, we ndo uje huku

Shosti yangu,

Mambo vipi huko Dar, joto linasemaje? Mi mzima huku Kigali, ni baridi ya asubuhi tu ndo inanisumbua. Voisi yako nimeisikiliza yote mpaka mwisho, ile ya kuniambia niachane na fizikia tufanye wote akili mnemba kwa sababu ndo kwenye hela, nikaona nikijibu kwa voisi nitaishia kukatwa katikati, bora nikuandikie nimetulia maana haya mambo nayapenda kweli na nataka uelewe kwanini siachi, na zaidi ya hapo nataka nikuvute wewe uje upande huu.

Kwanza hiyo akili mnemba unayoisema mi nashinda nayo. Kazi yangu yote hapa ni kufundisha modeli, yaani programu inayojifunza kutoka kwenye data. Sema data yangu, badala ya miamala ya simu kama ya kwako, ni protoni, zile chembe za ndani ya kiini cha atomu, zinazogonganishwa kule CERN, maabara ya fizikia iliyopo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ndani ya handaki la duara la kilomita 27 lililopo kama mita 100 chini ya ardhi. Mle ndani mafungu ya protoni yanapishana mara milioni 40 kwa sekunde moja, na karibu kila kinachotokea ni kitu ambacho wanafizikia wameshakijua zamani. Ile unayoitafuta, mfano chembe inayoitwa bosoni ya Higgs, inatokea mara moja hivi katika migongano bilioni na zaidi. Sasa si ndo kazi yako hiyo hiyo shosti, kutafuta muamala mmoja wa wizi katikati ya mamilioni ya watu wanaotuma hela ya ada na ya matumizi? Ndo maana nakwambia we huku hutakuwa mgeni, tatizo unalijua tayari, majina tu ndo yatabadilika.

Alafu kuna kitu sidhani kama unakijua. Hiyo XGBoost, programu ya kufundishia modeli unayoitumia kila siku kazini, ina historia na Higgs. Mwaka 2014 watu wa ATLAS, moja ya ditekta kubwa za CERN, yaani mitambo ya kupima kinachotoka kwenye migongano, waliweka shindano Kaggle, tovuti ya mashindano ya data, wakasema jamani hizi hapa data za simulesheni, yaani migongano ya kuigizwa kwenye kompyuta, matukio 250,000 ya kufundishia, kila tukio na safu 30 za namba, tutenganishieni yale ambayo Higgs imevunjika ikawa tau mbili, chembe kama elektroni ila nzito zaidi, na yale ambayo ni mambo ya kawaida yanayofanana nayo. Zikajitokeza timu 1,785. Aliyeshinda ni Gábor Melis, alitumia mitandao ya nyuroni, modeli zilizoigwa kidogo kutoka kwenye ubongo, mingi kwa pamoja, lakini Tianqi Chen na Tong He ndo walikuja na XGBoost, wakawagawia washiriki wengine bure, wengi wakaitumia, na wakapewa tuzo maalum kwa sababu kifaa chao kilikuwa kinafaa kwa wanafizikia wenyewe. Hapo ndo jina likaanza kusambaa mpaka likafika mezani kwako. Nilivyolijua hilo nilikukumbuka wewe palepale.

Lile faili la data za shindano bado lipo, na ni dogo, bando la kawaida linatosha. Ukilifungua utakuta safu zingine zinaanza na PRI na zingine DER. Za PRI ni vile vilivyopimwa na ditekta, momenta ya tau na pembe zake, idadi ya jeti (yale mafungu ya chembe yanayochomoka pamoja kuelekea upande mmoja), nishati iliyopotea bila kuonekana. Za DER ni zile wanafizikia walizokokotoa wenyewe kutoka kwenye hizo, kwa mfano makadirio ya tungamo la kitu kilichovunjika. Na utakutana na -999 nyingi mpaka utashangaa, usizifute na usizijaze wastani kama tulivyofundishwa chuo, maana zina habari ndani yake: mara nyingi ni kwamba tukio hilo halikuwa na jeti, au hazikutosha, kwa hiyo hakuna cha kupima, na tukio lisilo na jeti ni la aina nyingine tofauti na lenye jeti mbili. Halafu kuna safu ya uzito wa kila tukio. Hii ndo muhimu kuliko zote. Kwenye simulesheni wametengeneza Higgs nyingi makusudi ili modeli ipate cha kujifunza, kwenye dunia halisi Higgs ni chache mno, kwa hiyo ule uzito ndo unarudisha uwiano wa kweli. Ukiupuuza ukakimbilia usahihi wa asilimia tisini na kitu utapata namba nzuri ya kuwaonyesha watu ila kwa fizikia haina kazi. Ndo maana shindano halikupima usahihi, lilipima makadirio ya sigma, yaani ugunduzi wako ungekuwa na nguvu kiasi gani.

Mwaka huo huo wa 2014 watafiti Baldi, Sadowski na Whiteson walichukua matukio milioni 11 ya simulesheni wakafundisha mtandao wa nyuroni wenye tabaka nyingi, wakaonyesha kwamba ukiupa vipimo ghafi tu unafika karibu sawa na ukiupa vile vilivyokokotolewa na wataalam kwa mikono. Hapo wengi wakaanza kuichukulia hii kitu siriazi. Siku hizi hata hizo safu hazihitajiki sana, unaipa modeli chembe zote za jeti kama zilivyo, bila kuzipanga, yenyewe inajifunza umbo lake.

Sasa nikuambie kinachonifanya nisiondoke. Kwenye kazi za kawaida za modeli mtu akipata alama kubwa kesi imeisha, anapiga presentesheni, anapongezwa. Huku alama kubwa ndo mwanzo wa wasiwasi. Chukulia mfano huu. Tunatafuta chembe mpya kwa kuchora grafu ya tungamo, chembe ikiwa ya kweli basi kinatokea kilima sehemu moja ya grafu, na matukio ya kawaida yanateremka taratibu bila kilima. Umefundisha modeli yako itenganishe. Modeli kwa kuwa ina akili inagundua kwamba tungamo lenyewe ni kidokezo kizuri, inaanza kuchagua matukio ya kawaida ambayo tungamo lake liko palepale unapotafutia. Ukichora grafu, kilima hicho hapo! Hakuna chembe yoyote, modeli yako ndo imekichonga kwa mikono yake, na alama zake zote ziko juu. Yaani modeli inavyozidi kuwa hodari ndo inavyozidi kukudanganya vizuri.

Dawa zipo, na ninazipenda kwa sababu zimefikiriwa vizuri. Watafiti Louppe, Kagan na Cranmer walipendekeza uweke mitandao miwili, mmoja unatenganisha, wa pili unajaribu kukisia kile usichotaka kivuje, mfano tungamo, kwa kuangalia majibu ya ule wa kwanza, na kila wa pili unapofaulu kukisia wa kwanza unaadhibiwa, mpaka ule wa kwanza unajifunza kutenganisha bila kuvujisha tungamo. Unapoteza nguvu kidogo ya kutenganisha, ni kweli, lakini kinachobaki unaweza kukisimamia mbele ya watu. Mi naona hiyo biashara ni halali kabisa.

Na usione kama ni woga wa bure. Desemba 2015 ATLAS na CMS, ditekta nyingine kubwa ya CERN, wote wawili walionyesha kilima kidogo kwenye matukio ya fotoni mbili, yaani chembe za mwanga, karibu na GeV 750, hicho ni kipimo cha tungamo la chembe. Wanafizikia wa nadharia wakaandika makala zaidi ya 500 kuelezea hiyo chembe mpya. Agosti 2016 kwenye mkutano wa Chicago data zaidi zikaonyeshwa na kilima kikawa hakipo, ilikuwa ni bahati ya namba tu. Hapo kosa halikuwa la modeli, ni takwimu peke yake. CERN walisubiri, hawakutangaza ugunduzi, kwa sababu kiwango chao ni sigma 5, maana yake uwezekano wa bahati tupu kukuletea kilima kama hicho uwe kama mara moja katika milioni 3.5. Higgs yenyewe ilitangazwa tarehe 4 Julai 2012 ditekta zote mbili zilipofika hapo, kila moja kivyake. Heshima yangu kwa hawa watu ilianzia hapo.

Mi mwenyewe kwa sasa niko kwenye kona moja ndogo ya tatizo hilo hilo. Nafundisha modeli ya kutambua jeti zinazotokana na kwaki ya topu, chembe nzito sana ya msingi, naifundisha kwa simulesheni ya Pythia halafu naipima kwa matukio ya Herwig. Hizo ni programu mbili za kuigiza migongano, zote zinaheshimika, ila zinatofautiana namna zinavyoelezea jeti linavyojichanua kuwa chembe nyingi. Nikibadilisha programu alama zinashuka, na modeli ile ngumu yenye vigezo vingi inaweza kushuka kuliko ile nyepesi kwa sababu imeshakariri tabia za Pythia badala ya tabia za jeti. Maumbile yenyewe hayafuati Pythia wala Herwig. Sasa swali langu ni moja tu: kiasi gani cha majibu ya modeli ni fizikia na kiasi gani ni mazoea ya programu iliyoifundisha? Nalala nalo naamka nalo, na huyo supavaiza wangu kila nikimpelekea grafu anauliza hivyo hivyo, "mstari wa makosa uko wapi?", yaani ule unaoonyesha namba inaweza kukosea kiasi gani. Nimeshazoea, siku hizi naanza na mstari wa makosa ndo nachora grafu.

Kuna lingine litakalokugusa wewe moja kwa moja. Si uliniambia kule kazini lebo zenu, yale majibu mnayoifundishia modeli, haziaminiki, mnaambiwa huu ni wizi kumbe mteja amekosea namba? Mwaka 2017 watafiti Metodiev, Nachman na Thaler walionyesha kwamba unaweza kufundisha modeli bila lebo safi kabisa. Unachukua mafungu mawili ya data yaliyochanganyika, moja liwe na kile unachotafuta kwa wingi kidogo kuliko jingine, unaifundisha modeli itofautishe fungu na fungu tu. Hesabu inatoka kwamba modeli bora ya kutofautisha mafungu ndo hiyo hiyo bora ya kutenganisha kitu chenyewe na vingine, mradi tabia za vitu hivyo zisibadilike kati ya fungu moja na jingine. Hilo sharti ndo gumu, lisipotimia umepotea. Soma kwanza kabla hujakataa, halafu niambie kwa miamala ingewezekana au la, maana mi sijui miamala, we ndo unajua.

Na ukitaka spidi, ipo pia. Haya matukio hayawezi kuhifadhiwa yote, kuna kichujio cha kwanza chenye mikrosekunde chache tu kuamua hili libaki hili litupwe, na likitupwa limekwenda moja kwa moja. CMS tangu 2024 wana mtandao mdogo wa nyuroni ndani ya chipu za FPGA, zile unazoweza kuzipanga upya zifanye kazi unayotaka, kwenye kichujio hicho, unaitwa AXOL1TL, hautafuti chembe yoyote maalum, unaangalia tu kama tukio ni la ajabu. Kuubana mtandao ukae kwenye chipu na ujibu kwa muda huo ni uhandisi mtupu, na wahandisi wa namna yako wanahitajika kuliko sisi.

Usiniambie ni mambo ya wazungu yako mbali. Skuli ya Afrika ya Fizikia ilifanyika hapa Kigali 2016, taasisi ya utafiti ya Afrika Mashariki iliyo chini ya ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, iko hapa hapa, ICLR, mkutano mkubwa wa akili mnemba, ilikuja hapa 2023, na Deep Learning Indaba, mkutano wa Waafrika wa mambo hayo hayo, ilishafika Nairobi 2019. Data zenyewe CERN walianza kuziweka wazi 2014, na kikundi cha Thaler kule chuo cha MIT, Marekani, ambacho hakimo ndani ya CMS, kilichapisha utafiti wa kweli 2017 kwa kutumia data hizo za wazi. Kwa hiyo kibali hakuna wa kumwomba. Kinachotakiwa ni laptopu, jioni za kutosha na mtu wa kuulizana naye.

Sikwambii uache kazi, najua nyumbani wanakutegemea na nisingethubutu. Naomba hivi tu: shusha lile faili la 2014, fundisha XGBoost yako kama unavyojua, halafu usinitumie alama. Nitumie grafu ya tungamo la matukio ya kawaida yaliyopita kwenye modeli, pamoja na mistari ya makosa, tukae tuiangalie wote. Alhamisi usiku nipo, intaneti ya hosteli baada ya saa nne inakuwa haina watu, nipigie. Ukikwama kwenye safu ya uzito anza nayo hiyo kwenye simu, nitakuwa nimeifungua.

Msalimie sana mama, mwambie lile kanga lake nalivaa. Na mdogo wako amefikia wapi na mtihani?

Wako,
shosti wa Kigali